Wazao wa walowezi wa Kihispania huko New Mexico: je, nao wameathiriwa na ukoloni?

Mkazi wa Albuquerque ameuliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote habari za kazi. Nina swali ambalo limenikaa moyoni tangu mwezi Machi, na naamini humu ndani wapo watu waliosoma historia ya eneo hili kuliko mimi.

Mfanyakazi mwenzangu alinialika kijijini kwao katika kaunti ya Mora, kaskazini mwa New Mexico, nikasaidie kusafisha mfereji wa umwagiliaji ambao wenyewe wanauita acequia. Kazi hiyo hufanyika kila mwaka kabla ya maji kufunguliwa, na kila mwenye shamba hutakiwa kufika au kutuma mtu wa kumwakilisha. Msimamizi wa mfereji, ambaye cheo chake ni mayordomo, alitembea ukingoni akipima kipande cha kila mtu kwa mpini wa sepetu na kuchora alama kwenye udongo. Aliyemaliza kipande chake alipita mbele ya wenzake akapimiwa kingine. Matope tuliyokuwa tukiyatoa yalikuwa meusi kwa majivu, kwa sababu milima iliyo juu ya kijiji iliungua mwaka 2022 na mvua bado zinateremsha masalia ya moto ule.

Wakati wa chakula, mzee mmoja alinionyesha mlima na kuniambia kwamba babu zake walikata kuni na kuchunga kondoo kule juu bila kumwomba mtu ruhusa, kwa sababu ardhi ilikuwa ya kijiji kizima kwa hati ya serikali, mpaka Wamarekani walipoichukua. Aliyasema kwa uchungu mkubwa, kana kwamba yametokea juzi. Sasa, ninavyofahamu, watu hawa ni wazao wa Wahispania waliokuja mwaka 1598 wakiongozwa na Juan de Oñate, na waliwakuta Wapueblo, wenyeji wa asili, wakiwa na vijiji vyao, mashamba yao na dini yao. Mimi nimetoka upande wa Kivu, na nimelelewa nikijua kwamba mkoloni ni mkoloni. Je, ni haki kusema kwamba jamii hii imeathiriwa na ukoloni, au wanalalamika tu kwa kunyang'anywa walichokuwa wamekinyang'anya wao? Naomba majibu ya watu waliolifuatilia jambo hili.

Msomaji wa Hati za Ardhi amejibu:

Marahaba, ndugu yangu, na asante kwa swali zuri. Jibu langu ni kwamba yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Nitaanza na upande wa ardhi, kwa sababu bila kuuelewa upande huo uchungu wa mzee yule hauwezi kueleweka.

Serikali ya Hispania, na baada ya mwaka 1821 serikali ya Meksiko, ziliwapa watu wa kawaida ardhi kwa utaratibu ulioitwa merced. Katika merced ya jamii, kila familia ilipata kiwanja cha nyumba na kipande cha shamba kando ya mfereji, na kipande hicho kilikuwa mali yake ambayo ingeweza kuirithisha au kuiuza baada ya kukaa pale kwa muda uliowekwa. Sehemu iliyobaki, ambayo mara nyingi ilikuwa kubwa kuliko mashamba yote kwa pamoja, iliachwa iwe ejido, yaani malisho, misitu na maji ya kutumiwa na wote. Hakuna familia iliyoweza kuishi kwa kipande cha shamba peke yake katika nchi ile kavu yenye majira mafupi ya kilimo. Mbuzi na kondoo walilishwa mlimani, magogo ya paa yalikatwa mlimani, na kuni za kupitisha baridi zilitoka huko huko. Anayewaachia watu hawa mashamba yao na kuwanyima mlima amewaondolea zaidi ya nusu ya riziki yao.

Marekani iliiteka nchi hiyo katika vita vya 1846 hadi 1848, na Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa mwaka 1848 uliahidi kuheshimu mali za Wameksiko waliobaki upande huu wa mpaka mpya. Kifungu cha 10, ambacho kilizungumzia mercedes (wingi wa merced) moja kwa moja, kilifutwa na Seneti ya Marekani kabla ya mkataba kuidhinishwa. Baada ya hapo wenye ardhi walitakiwa kuthibitisha haki zao, kwanza kwa mpima ardhi mkuu aliyewekwa kwa sheria ya mwaka 1854, kisha mbele ya mahakama maalumu ya madai ya ardhi iliyoundwa mwaka 1891. Mahakama hiyo ililetewa madai ya ekari zaidi ya milioni 34 na ikathibitisha takriban milioni 2 tu. Ni kweli kwamba baadhi ya madai yalikuwa ya kughushi au yamekuzwa mno, na si haki kulificha hilo. Lakini miongoni mwa yaliyokataliwa zilikuwemo ardhi za vijiji ambavyo vilikuwa vimekaliwa kwa vizazi kadhaa.

Pigo kubwa zaidi lilitoka Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1897, katika kesi ya San Miguel del Vado, merced iliyotolewa mwaka 1794. Majaji walisema kwamba ardhi ya pamoja ilikuwa ya mfalme, kisha ikawa ya Meksiko, na kwa hiyo sasa ni ya Marekani, na wanakijiji hawana ila mashamba na viwanja vyao. Merced iliyodaiwa kuwa na ekari zipatazo 315,000 ikabaki na ekari 5,000 na ushei. Ardhi ambayo vijiji vya aina hii viliipoteza iliangukia mikononi mwa serikali, na sehemu yake kubwa leo imo ndani ya misitu ya taifa ya Carson na Santa Fe.

Mora yenyewe ilipotea kwa njia nyingine. Ilitolewa mwaka 1835 kwa watu 76, na Bunge la Marekani liliithibitisha mwaka 1860, kwa hiyo kwa karatasi ilikuwa salama. Wanasheria wakiongozwa na Thomas Catron na Stephen Elkins walinunua hisa za warithi mmoja mmoja, na sheria ya mwaka 1876 ikamruhusu mwenye hisa yeyote kuiomba mahakama igawanye ardhi ya pamoja, na kama haigawanyiki, iuzwe. Mwenye hisa ndogo kabisa, ambaye hajawahi kulima wala kuchunga pale, aliweza hivyo kuulazimisha mlima mzima uingie mnadani. Ongeza kodi ya ardhi iliyodaiwa kwa fedha taslimu kwa watu waliozoea kulipana kwa mahindi na kondoo, na ongeza wanasheria wa kijiji chenyewe waliolipwa kwa kukatiwa theluthi au nusu ya ardhi waliyoitetea. Catron alikufa akiwa amekuwa mmoja wa maseneta wawili wa kwanza wa jimbo hilo.

Mzee wako hakosei, basi, anaposema walinyang'anywa. Walinyang'anywa kwa mihuri na saini, na ndiyo maana jeraha haliponi, kwa sababu kila karatasi iliyowapokonya bado ni halali kisheria.

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Nampongeza ndugu aliyetangulia kwa maelezo yake, lakini sikubali tuanze hadithi mwaka 1848. Kuanzia hapo ni kuwafanya Wapueblo kuwa mandhari ya nyuma katika nchi yao wenyewe.

Januari 1599 askari wa Oñate waliiteketeza Acoma, mojawapo ya vijiji vya Wapueblo, na kuua mamia ya watu, na katika hukumu iliyofuata wanaume waliozidi umri wa miaka 25 walihukumiwa kukatwa mguu mmoja na kutumikia utumwa kwa miaka 20. Vijiji vya Wapueblo vilitozwa mahindi na nguo, watu wao walifanyishwa kazi bila hiari, na vyumba vyao vya ibada vilivunjwa, hadi mwaka 1680 walipoungana chini ya kiongozi wao Po'pay wakawafukuza Wahispania wote mpaka El Paso. Wahispania walirejea mwaka 1692. Kumbukumbu hiyo haijafa: mtu asiyejulikana aliikata mguu wa kulia sanamu ya Oñate iliyokuwa katika kijiji cha Alcalde, mwishoni mwa miaka ya 1990 wakati wa maadhimisho ya miaka 400, na mwaka 2020 sanamu hiyo iliondolewa kabisa.

Hata baada ya 1692 walowezi waliendelea kujipenyeza ndani ya mipaka ya ardhi za Wapueblo, kiasi kwamba mwaka 1924 Bunge la Marekani lililazimika kutunga sheria maalumu ya kuamua ni yupi kati ya maelfu ya walowezi hao abaki na ni yupi aondoke. Wengi walibaki, na fidia waliyopewa Wapueblo ilikuwa ndogo.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba hao tunaowaita wazao wa Wahispania si wote wa damu ya Kihispania. Wahispania walikuwa wakiwanunua na kuwateka watoto wa Waapache, Wanavajo, Wakomanchi na wengineo, wakawabatiza na kuwatumikisha majumbani. Waliitwa genízaros. Walipokuwa watu wazima wasio na kabila la kurudia, serikali iliwapa ardhi mipakani, mahali pa hatari, ili wawe ngao ya miji. Abiquiú, iliyopewa merced yake mwaka 1754, ni kijiji cha genízaros, na mwaka 2007 Bunge la New Mexico lilitambua kwa tamko kwamba wazao wao ni watu wa asili. Basi muulize mzee wako wa Mora babu zake walikuwa akina nani, kwa heshima, na huenda jibu lake likakushangaza. Ukoloni wa kwanza uliwatenga watu kwa daraja za damu, na familia nyingi zikajifunza kujiita Wahispania ili zipate heshima mbele ya wakuu. Baadaye, chini ya Marekani, jina hilo hilo likawa kinga dhidi ya dharau waliyotupiwa Wameksiko. Mimi naliona hilo kuwa athari ya ukoloni iliyo nzito kuliko ya ardhi, kwa sababu imewafanya watu wamkane bibi yao.

Mkazi wa Albuquerque amejibu:

Nawashukuru sana nyote wawili, na shikamoo Mwalimu. Nimeelewa kwamba nilichanganya mambo mawili: nani aliyekuja kwanza, na nani aliyepoteza nini kwa mkono wa nani. Hata hivyo bado najiuliza kuhusu leo. Kesi ya 1897 imepita zaidi ya karne moja, na watu hawa ni raia wa Marekani wenye kura na wawakilishi bungeni. Je, yanayowasumbua sasa yanatokana na historia hiyo, au ni umaskini wa vijijini kama ulivyo kila mahali, vijana wakikimbilia mjini na wazee wakibaki?

Mama wa Mfereji amejibu:

Mwanangu, naomba nikujibu mimi, kwa kuwa nimeolewa katika mojawapo ya familia hizi na nimeishi bondeni hapa kwa miaka mingi, ingawa kwetu ni Tanga.

Angalia moto wenyewe wa mwaka 2022. Ulianzishwa na Idara ya Misitu ya Marekani, ambayo iliwasha moto wa kupunguza vichaka katika majira ya upepo mkali, ukatoroka, na moto mwingine uliokuwa umefukiwa tangu Januari kwenye marundo ya matawi ukafufuka, ikaungana miwili hiyo na kuunguza ekari zaidi ya 340,000 katika kaunti za Mora na San Miguel hasa. Haujawahi kuandikwa moto mkubwa kama huo katika historia ya jimbo. Serikali ilikubali kosa na Bunge likatenga fedha za fidia, jumla yake zaidi ya dola bilioni 5. Sasa, mtu akienda kudai nyumba na msitu wake, anaulizwa hati. Na hati haina jina lake. Ina jina la babu wa babu, kwa sababu katika familia hizi ardhi imepita kutoka mkono hadi mkono kwa maneno ya mzee aliye kitandani, bila kwenda mahakamani. Waliokwenda mahakamani karne ya 19 walirudi bila ardhi. Waliobaki walijifunza kukaa mbali na mahakama, na sasa kukaa huko mbali kumewagharimu fidia. Nimewaona watu wazima wakifungua masanduku ya biskuti yenye risiti za kodi za miaka ya 1940 na vyeti vya ubatizo ili kuthibitisha kwamba wao ndio warithi. Ukiniuliza kama historia ile inawasumbua leo, nitakuonyesha masanduku hayo.

Tazama pia umbo la mashamba. Kila shamba lilianzia kwenye mfereji likateremka hadi mtoni, ili kila mmoja apate maji na malisho ya bondeni. Watoto waliporithi, liligawanywa kwa urefu, maana kila mmoja lazima aguse mfereji. Zamani aliyekosa shamba la kumtosha alikwenda na kondoo mlimani, au kikundi cha vijana kiliomba merced mpya na kuanzisha kijiji kingine. Mlima ulipofungwa, ugawaji uliendelea lakini pa kwenda hapakuwepo tena. Leo yapo mashamba marefu ajabu ambayo upana wake hautoshi kugeuzia trekta. Wanaume walianza kuondoka kwa vibarua vya reli, migodi na viazi sukari vya Colorado tangu mwisho wa karne ya 19, na wake zao ndio waliobaki kushika mifereji. Kwa hiyo hao vijana unaowaona wakikimbilia mjini wanapita njia iliyochongwa zamani.

Na wenye mifugo bado wanaomba kibali cha idara ya misitu ili kulisha ng'ombe wachache kwenye malisho ambayo yalikuwa yao. Idadi ya mifugo inayoruhusiwa ilipunguzwa mara kwa mara katika karne ya 20. Hasira hiyo ndiyo iliyompa nguvu Reies López Tijerina, aliyeanzisha chama chake cha kudai mercedes mwaka 1963, hadi tarehe 5 Juni 1967 watu wenye silaha walipovamia mahakama ya Tierra Amarilla, wakawajeruhi watu wawili, na serikali ikaleta askari na vifaru milimani. Mimi siungi mkono bunduki. Lakini ni baada ya siku ile ndipo wakuu wa misitu walipoanza kuzungumza kwa adabu na wafugaji hawa.

Kilichobaki imara ni mfereji. Iko kama 700 katika jimbo zima, kila mmoja una makomishna watatu na mayordomo wanaochaguliwa na wenye mashamba, na maji yakipungua yanagawanywa kwa zamu, anatazamwa mwenye bustani na mifugo yenye kiu kabla ya mwenye malisho mapana. Sheria ya jimbo inayahesabu maji kuwa mali ya mtu anayeweza kuyauza kwa mji au kampuni, jambo ambalo lingeuua mfereji hatua kwa hatua, maana mfereji hauwezi kusafishwa na nusu ya watu wake. Tangu mwaka 2003 sheria inaziruhusu acequia zenyewe kukataa uhamisho wa namna hiyo endapo utawadhuru wenzao. Ushindi huo ulipatikana kwa vikao na barua, bila risasi hata moja.

Msomaji wa Hati za Ardhi amejibu:

Shikamoo Mama, umesema yale ambayo vitabu vya sheria havisemi. Naongeza jambo moja tu kuhusu kurudishiwa ardhi, kwa kuwa naona mjadala unaelekea huko.

Mwaka 2004 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti ndefu kuhusu mercedes hizi. Ilihitimisha kwamba utaratibu uliotumika ulifuata sheria za Marekani, lakini ikakiri kwamba ulikuwa na kasoro na uliwaelemea wadai, ikaliwekea Bunge njia kadhaa za kuchagua, kuanzia kurudisha ardhi au kulipa fidia hadi kutofanya lolote. Mpaka sasa ni hiyo ya mwisho iliyotekelezwa. Jimbo la New Mexico limefanya zaidi: mercedes nyingi zilizobaki zinatambuliwa na sheria yake kama vyombo vya serikali za mitaa, zenye bodi na uwezo wa kupokea ardhi.

Mwalimu alikuwa na haki kutukumbusha Wapueblo, na wao ndio waliotoa mfano wa kwamba msitu wa taifa unaweza kurudishwa kwa wenyewe. Ziwa la Blue Lake, mahali patakatifu pa Wapueblo wa Taos, lilitiwa ndani ya hifadhi ya misitu mwaka 1906, na baada ya madai ya miaka 64 walirudishiwa ekari 48,000 kwa sheria aliyoisaini Rais Nixon mwaka 1970. Hawakukubali kulipwa fedha. Basi kwa maoni yangu, merced yoyote itakayorudishiwa malisho yake ianze kwa kukaa na kijiji cha Wapueblo kinachopakana nayo na kukubaliana mipaka kabla ya kwenda Washington, kwa sababu mercedes nyingi zilipimwa juu ya ardhi ambayo watu wengine walikuwa wakiwinda na kuabudu. Katika mabonde kadhaa pande hizo mbili tayari zinakaa meza moja juu ya maji, kwa kuwa mto ni mmoja na zamu za umwagiliaji hazina budi kupangwa kila kiangazi, na mazungumzo ya ardhi yanaweza kuanzia kwenye meza hiyo hiyo.